Maswali ya walimu kuhusu nadharia za elimu ya afya na kubadilisha tabia za wanafunzi

Haya ni maswali ambayo walimu huwa wanauliza sana wakishakabidhiwa masuala ya afya shuleni, na mara nyingi wanaulizana pembeni baada ya semina kwisha manake kwenye semina yenyewe muda hautoshi. Nimejibu kwa lugha ya kawaida. Kuna majibu marefu na mafupi, yale marefu ndo penye kazi yenyewe.

Mimi nafundisha tu, hizi nadharia zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana. Chukua hii ya kunawa mikono. Muulize mtoto yeyote wa darasa la tatu kwa nini tunanawa, atakujibu vijidudu, kuhara, minyoo, atakutajia na hatua zote za kunawa kwa mpangilio wake. Halafu kengele ya mapumziko ikilia nenda kasimame karibu na choo uangalie tu, usiseme kitu. Wanatoka wanajipangusa kwenye sketi na kaptula, huyo uwanjani. Mtihani wamefaulu, mikono hawajanawa. Sasa kati ya kujua na kufanya kuna mahali pamekwama, na nadharia kazi yake ni kukusaidia kupajua ni wapi. Kama tatizo ni kwamba sabuni imefungiwa ofisini na wewe unazidi kufundisha vijidudu, utafundisha mpaka ustaafu.

Nadharia ya tabia ni kitu gani hasa?

Ni maelezo ya kwa nini mtu anafanya au hafanyi jambo fulani, ambayo watu wameyajaribu kwenye tafiti wakaona yanashika kiasi gani. Hakuna hata moja inayoeleza kila kitu. Moja inaangalia kichwani mwa mtoto, nyingine inaangalia marafiki zake, nyingine inaangalia bomba na choo, kwa hiyo ukisikia mtu anang'ang'ania moja tu kama msahafu, msikilize lakini endelea kutafuta.

Hii ya "imani za afya" naisikia kila semina, ilitokea wapi?

Ilianza Marekani miaka ya 1950. Idara ya afya ya serikali yao ilikuwa inapeleka magari ya eksirei karibu kabisa na watu, wapimwe kifua kikuu bure, na watu wengi bado hawakuja. Wanasaikolojia wa idara hiyo, kina Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, wakajiuliza kwa nini kitu cha bure na kiko jirani watu wanakikwepa. Wakagundua mtu anapiga hesabu kichwani bila hata kujua kwamba anapiga: je hili gonjwa linaweza kunipata mimi, likinipata litanifanya nini, nikichukua hatua nitafaidika nini, na hiyo hatua itanigharimu nini, muda, aibu, usumbufu. Halafu kunahitajika kitu cha kumshtua, labda kamuona ndugu anaumwa au kasikia tangazo. Mwaka 1988 Rosenstock na wenzake wakaongeza kitu kingine, mtu kuamini kwamba anaweza kweli kufanya hilo jambo, hii waliichukua kwa mwanasaikolojia Bandura ambaye tutamfikia.

Kwa mwalimu, kipande chenye faida kubwa hapa ni vikwazo, na ndo kipande ambacho vitabu vingi vya somo vinakiruka. Tunafundisha sana hatari na faida. Ni mara chache mwalimu anauliza darasa "nini kinakufanya usifanye?" na kunyamaza asubiri jibu. Uliza siku moja. Utasikia vitu ambavyo huwezi kuvitunga ukiwa umekaa ofisini: mlango wa choo haufungi kwa ndani, wakubwa wanakaa pale bombani wanawasukuma wadogo, maji yanakatika saa nne.

Kwa nini tusiwatishe tu? Picha ya mapafu yaliyooza inatosha mtu kuacha sigara.

Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote na nitalijibu kwa urefu, manake kutisha ndo silaha ya kwanza ya kila mtu mzima na inaonekana kama inafanya kazi. Darasa linanyamaza, wengine wanafumba macho, unatoka unajisikia umefundisha.

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake, Robert Singer na Susan Jones, walifanya jaribio na wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Wengine walipewa kijitabu cha kutisha kweli, wengine cha upole. Waliotishwa walisema wameogopa zaidi na wakasema wana nia zaidi ya kuchanjwa. Lakini ulipofika wakati wa kwenda kuchanjwa, ukubwa wa hofu haukuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni kwamba baadhi yao walipewa pia mpango, yaani ramani ya chuo yenye kituo cha afya kimewekewa alama, saa za huduma, na wakaambiwa wafikirie kwenye ratiba yao ya wiki watapita pale lini. Waliopewa mpango walikwenda kama 28 katika kila 100, wasiopewa walikwenda kama 3 tu katika kila 100. Na hawa ni wanafunzi wa chuo ambao kituo wanakijua kiko wapi!

Sasa ukimtisha mtoto halafu hujampa cha kufanya, hofu inabaki nae na lazima aipeleke mahali. Ataicheka, ataikataa ("babu yangu anavuta na ana miaka tisini"), au ataacha kukusikiliza. Kim Witte aliliandika vizuri hili mwaka 1992, kwamba hofu ikizidi imani ya mtu kwamba anaweza kujikinga, mtu anaanza kupambana na hofu yenyewe badala ya kupambana na hatari. Kwa hiyo ukweli kuhusu hatari waambie, usiwafiche, ila kila ukitaja hatari hapohapo taja cha kufanya, wapi, saa ngapi, na nani. Mwache kila mmoja aandike sentensi yake ya "nikitoka chooni, kabla ya kurudi darasani, nitapita bombani". Peter Gollwitzer amefanya kazi kubwa juu ya mipango ya aina hii ya "ikitokea hivi nitafanya hivi" na inasaidia kuliko nia tupu ya "nitajitahidi".

Na ile ya hatua za mabadiliko?

James Prochaska na Carlo DiClemente, walianza na watu wanaoacha sigara, andiko lao maarufu ni la 1983. Wanasema mtu anapitia hatua: hajafikiria kabisa, anafikiria, anajiandaa, anafanya, anadumisha, na katikati anaweza kuteleza akarudi nyuma. Faida yake ni kwamba unaacha kumhubiria "acha" mtu ambaye bado haoni tatizo, na aliyeteleza humwiti mshindwa.

Mi naona inafaa zaidi kwa kijana ambaye tayari ana tabia anayotaka kuiacha, umeshakaa nae mezani mnaongea wawili. Kwa darasa zima la watoto wa kunawa mikono sioni kama inakusaidia sana, na ile mipaka ya miezi sita sita wanayotumia kutenganisha hatua imekosolewa kwamba imewekwa tu, kwa hiyo usiichukulie kama sheria.

Bandura anasemaje na kwa nini kila mtu anamtaja?

Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha chuo kikuu cha Stanford Marekani, amefariki 2021. Mwaka 1961 yeye na wenzake walionyesha watoto mtu mzima anampiga mdoli mkubwa wa upepo, na watoto wakaja kumpiga vilevile, mpaka na maneno yaleyale. Kwa mwalimu hii inatosha kukukumbusha watoto wanajifunza kwa macho.

Ila kitu cha Bandura ninachokipenda zaidi ni kile cha 1977, imani ya mtu kwamba "hili naliweza". Sio kujiamini kwa jumla, ni kwa jambo moja moja. Mtoto anaweza kujiamini kuimba mbele ya shule nzima na asiweze kumwambia rafiki yake "sivuti". Na alisema imani hiyo inatoka sehemu nne: kwanza kulifanya mwenyewe ukafanikiwa, na hii ndo yenye nguvu kuliko zote, pili kumuona mtu kama wewe akilifanya, tatu kutiwa moyo na mtu unayemwamini, nne jinsi mwili unavyojisikia wakati huo, moyo kwenda mbio, jasho, mtu anavyotafsiri hiyo hali.

Sasa angalia vipindi vyetu vya afya, mwalimu anaongea, mabango yanasema "Unaweza!", yaani tumekaa kwenye ile ya tatu tu. Ya kwanza hatuigusi.

Unaigusaje? Kwa mazoezi. Tuseme topiki ni kukataa sigara. Waite wawili mbele, mmoja ashawishi mwingine akatae. Mara ya kwanza watacheka sana na anayekataa atasema ile sentensi ya kitabuni, "hapana, uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yangu", na darasa zima litajua hakuna mtoto anaongea hivyo. Usimkosoe. Waulize wengine, "ungekuwa wewe ungesemaje kweli?" Hapo ndo yanatoka ya kweli: "aa mi nawahi mazoezi", "bwana kocha akinisikia harufu sichezi", mwingine hasemi kitu anabadilisha mada, mwingine anaondoka tu. Kila moja ijaribiwe kwa mdomo, mshawishi aongeze presha kidogo, "acha uoga, moja tu", arudie tena. Wapokezane mpaka na wale wa nyuma wasiopenda kuja mbele wamefanya wawili wawili palepale kwenye madawati. Mtoto akishayasema maneno yake mwenyewe kwa mdomo wake mara kadhaa, siku ikija hana haja ya kuyatunga. Na zungumza nao kuhusu ile ya nne pia, waambie moyo utadunda na hiyo ni kawaida kwa yeyote anayekataa rafiki.

Presha ya marafiki je? Mimi nikiwaambia moja, wenzao wanawaambia mbili.

Martin Fishbein na Icek Ajzen, miaka ya 1970, walisema nia ya mtu inatokana na anavyoliona jambo lenyewe na anavyodhani watu muhimu kwake wanalionaje, na Ajzen baadae akaongeza kama anahisi liko kwenye uwezo wake. Angalia hilo neno, anavyodhani. Mwaka 1986 Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo walidhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko wanavyoukubali kweli. Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake asiyeukubali.

Unaweza kulifanyia kazi darasani. Gawa vikaratasi bila majina, maswali mawili: umewahi kuvuta? unadhani wangapi katika kumi hapa wamewahi? Hesabu ukiwa peke yako kwanza. Mara nyingi namba ya kudhani inakuwa juu kuliko ya kweli na ukiwaonyesha kuna watoto utawaona wamepumua. Kama namba ya kweli ni kubwa, usiitangaze, itawafundisha kwamba ndo kawaida, hapo badilisha mbinu. Na kwa sababu hiyohiyo achana na ile sentensi ya kwenye gwaride, "siku hizi karibu nyote mnavuta", unawatangazia sigara bila kujua.

Zawadi na adhabu zinasaidia?

Zawadi kwa kiasi, hasa kuanzisha jambo ambalo mtoto hana hamu nalo. Lakini mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, wengine wakaahidiwa cheti wakichora. Waliopewa cheti walichokiahidiwa, baadae muda wao wa kuchora kwa hiari ulipungua. Waliopewa kwa kushtukizwa haukupungua. Kwa hiyo kama watoto tayari wanapenda kukimbia, usiende kuwaahidi madaftari ili wakimbie. Sifa ya kweli, inayotaja alichofanya, haina madhara hayo.

Adhabu kwenye afya mi siungi mkono. Mtoto aliyechapwa au kudhalilishwa kwa kuwa mchafu anajifunza kuficha uchafu, na aliyeadhibiwa kwa sigara anajifunza kuvutia mbali zaidi. Utampoteza wakati ndo anakuhitaji.

Ni kweli tabia inajengeka kwa siku 21?

Hapana. Hiyo imetokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya, watu wakaigeuza kuwa kanuni ya tabia zote. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96, utafiti ukachapishwa 2010, wakapata kwa wastani kama siku 66, ila kuna tabia ya siku 18 na nyingine walikadiria 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hii waambie watoto kabisa, manake wengi wakikosa siku moja wanaona ndo basi. Kwako mwalimu ina maana "wiki ya usafi" peke yake ni fupi mno, panga muhula mzima.

Kama tatizo ni mazingira, mimi mwalimu nifanyeje? Mimi sio serikali.

Kwanza kubali kwamba mara nyingi ni kweli mazingira ndo tatizo. Urie Bronfenbrenner mwaka 1979 alieleza kwamba mtoto yuko ndani ya mizunguko, familia, shule, jamii, sera, na yote inamgusa. Mkutano wa kimataifa wa kukuza afya uliofanyika Ottawa, Kanada, mwaka 1986 ukasema afya inaboreshwa kwa sera, mazingira, jamii na ujuzi wa mtu kwa pamoja, na Shirika la Afya Duniani mwaka 1995 likaanzisha mpango wa shule zinazokuza afya, yaani shule nzima ihusike badala ya kumwachia mwalimu mmoja na kipindi chake.

Pili, kuna mabadiliko ya mazingira ambayo hayahitaji serikali. Mfano naoupenda kuliko yote ni wa shule mbili za msingi Bangladesh, Robert Dreibelbis na wenzake waliuchapisha 2016. Walitengeneza njia ya rangi kutoka chooni mpaka sehemu ya kunawia, wakachora alama za nyayo njiani na alama za viganja pale pa kunawia. Hakuna kipindi cha ziada, hakuna wimbo, hakuna hotuba. Watoto waliokuwa wananawa kwa sabuni baada ya choo walikuwa 4 katika 100, wiki sita baada ya rangi wakawa 74 katika 100. Lakini angalia, maji na sabuni vilikuwepo palepale, rangi haiwezi kuleta maji.

Kwa hiyo tembea njia ya mtoto. Toka chooni kwa miguu yako mpaka bombani, iname mpaka kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, uone kama mkono unafika, sabuni anaipata wapi, foleni ikoje mapumziko yakiwa mafupi. Ukikuta kitu, andika barua fupi kwa mkuu wa shule yenye jambo moja tu la kufanya.

Nadharia ni nyingi, sina muda, nishike ipi?

Shika maswali matatu ya Susan Michie na wenzake wa 2011: mtoto ana uwezo wa kufanya? ana fursa? ana msukumo? Kama hana uwezo, fundisha na fanyisha mazoezi. Kama hana fursa, shughulikia vifaa, muda na wenzake. Kama hana msukumo, ndo urudi kwenye imani, hofu, marafiki, zawadi. Walimu wengi tunaanza na la tatu kila siku, mi nakushauri anza na la pili.

Watoto wadogo na vijana nifundishe tofauti?

Ndio, sana. Wadogo wanahitaji kurudia, kuiga na utaratibu, mambo ya "ukifika miaka hamsini utapata saratani" hayawafikii. Na vijana nao ya miaka hamsini hayawagusi ingawa wanayaelewa, kwao zungumzia ya sasa, pumzi uwanjani, harufu, hela inayokwenda, kutawaliwa na kitu. Na washirikishe kupanga, kijana akipangiwa kila kitu atakataa hata kizuri.

Mimi mwenyewe navuta, nifundishe nini?

Fundisha. Usivute watoto wanapokuona, usiwadanganye wakikuuliza, waambie kwa ufupi kwamba ulianza na kuacha ni kugumu. Na ukitaka kuacha, tafuta msaada wa kituo cha afya, unastahili kama mtu mwingine yeyote.

Tukimleta askari au daktari aje aongee mara moja inatosha?

Mgeni anachangamsha, lakini kuwa na matumaini madogo. Mpango wa D.A.R.E. ulioanza Los Angeles mwaka 1983, askari wakiingia madarasani kufundisha kuhusu dawa za kulevya, ulienea sana na ulipendwa na wazazi, ila tathmini nyingi zilizofuata hazikuona tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa katika kutumia dawa. Na huo ulikuwa wa wiki nyingi, sio mara moja. Mgeni akija, apewe sehemu ndogo ndani ya kazi ambayo wewe unaiendeleza.

Mtoto akiniambia siri nzito katikati ya haya masomo?

Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, na siku hiyohiyo fuata utaratibu wa shule wa ulinzi wa mtoto. Ujue utaratibu huo na mtu wa kumpelekea kabla hujaanza topiki, sio baada.

Nitajuaje kama tabia imebadilika?

Mtihani hautakwambia, unapima kujua. Pima tabia yenyewe kabla hujaanza, halafu baada, halafu tena muhula unaofuata. Kwa mambo ya siri tumia vikaratasi visivyo na majina. Kwa kunawa, kuangalia kuna tatizo lake kwamba watoto wakimuona mwalimu amesimama pale wananawa wote vizuri kabisa, ndo maana ukae mbali kidogo ukiwa na shughuli nyingine mkononi, au upime sabuni. Chukua kipande kipya Jumatatu asubuhi, kipime kwenye mizani ya maabara, kiweke bombani, Ijumaa kianike kikauke na ukipime tena. Namba ya kilichopungua iandike ukutani mahali watoto wanapoiona na wape wao kazi ya kupima wiki zinazofuata, watakuja wenyewe kukuuliza kwa nini wiki ya mvua ilishuka.